Vesta haiji kuigonga Dunia

Kila Vesta, asteroidi, yaani mwamba mkubwa unaolizunguka Jua, inapong'aa kuliko kawaida, simu za watu wa Kigoma hujaa video ya aina moja: jiwe kubwa linawaka, sauti nzito inataja tarehe, ziwa linafurika. Kisha naulizwa sokoni, mwaloni Kibirizi, hata nje ya msikiti: "Mwalimu, ni kweli tunakwisha?" Nafundisha jiografia, na jibu langu halijawahi kubadilika.

"Asteroidi inaikaribia Dunia, basi itaigonga." Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, maana linawanyima watu usingizi bure. Vesta hulizunguka Jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, katika ukanda wa asteroidi, na mzunguko mmoja huichukua takriban miaka 3.6. Sisi tuko ndani zaidi na tuna kasi zaidi, kwa hiyo kila baada ya miezi kama 17 tunaipita. Hapo ndipo husemwa iko karibu. Karibu gani? Hata ikisogea kabisa, bado kuna kilomita milioni 170 hivi, zaidi ya mara 400 ya umbali wa Mwezi. Perihelio yake, yaani umbali wake inapokuwa karibu zaidi na Jua, ni mara 2.15 ya umbali wa Dunia na Jua. Mizingo hii miwili, yaani njia zao za kulizunguka Jua, haikutani popote.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi na wazazi wao: ukiletewa habari ya asteroidi, usiulize ukubwa, uliza perihelio. Wanaastronomia hukihesabu kitu kuwa jirani wa Dunia pale perihelio inapokuwa chini ya mara 1.3 ya umbali wa Dunia na Jua. Aliyekutumia video akishindwa kukupa namba hiyo, usimsambazie mtu mwingine. Asteroidi zinazotukaribia kweli zipo, na zinafuatiliwa kwa darubini kubwa. Vesta haimo.

Kilichowahi kufika ni vipande vyake. Kusini mwa Vesta kuna kreta iitwayo Rheasilvia, yenye upana wa takriban kilomita 500, ilhali Vesta yenyewe ina kipenyo cha wastani cha kilomita 525. Fikiria kishindo kilichochimba shimo hilo! Mawe yalirushwa angani, na mvutano wa Mshtarii ukaipindua mizingo ya baadhi yake kwa mamilioni ya miaka hadi ikaikata ya Dunia. Leo mawe yaliyoanguka hapa yamo maabara, na vipimo vya chombo cha anga cha Dawn, kilichoizunguka Vesta mwaka 2011 na 2012, vilionyesha kwamba madini yao yanalingana na ya Vesta.

"Ni mpira wa moto." Hapana. Ni mwamba wa baridi, na mwanga wake ni wa Jua. Kinachowaka usiku ni kijiwe kidogo kilichoingia angahewani kwa kasi.

"Ukanda umesongamana mawe, chombo hakipenyi." Chombo cha anga Pioneer 10 kilitoka upande wa pili salama mwaka 1973, na vingine vingi vimepita tangu hapo.

"Ni mabaki ya sayari iliyolipuka." Sayari gani hiyo? Tungamo la ukanda wote ni kama asilimia 3 ya la Mwezi. Ceres, kubwa kuliko zote, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi. Reli kutoka Dar es Salaam hadi hapa Kigoma ni ndefu kuliko hapo. Hayo ni mawe ambayo mvutano wa Mshtarii uliyazuia yasiungane kuwa sayari.

Anayetaka kuiona Vesta asubiri wakati inapopitwa na Dunia, achague usiku wa giza, zile siku ambazo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani. Taa zao zinaharibu anga, kwa hiyo lipe ziwa mgongo. Nayo Vesta wakati huo huchomoza mashariki jua likizama. Tafuta kwanza ramani ya nyota inayoonyesha ilipo. Kwa darubini ya mkononi, chora kwenye karatasi nyota zote za eneo hilo, kisha urudie baada ya siku tatu. Nukta iliyohama ndiyo Vesta.