Kambi ya skauti sio adhabu, jamani

Juzi tena. Kikao cha wazazi, nishaeleza nauli, nishaeleza chakula, nimefika kwenye vitu vya kubeba, nasema kila mtoto aje na kitu cha kutandika chini, mzee mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, si skauti hawa? Waacheni wateseke kidogo wakomae." Watu wakacheka, wengine na makofi juu. Muda ulikuwa umeisha nikanyamaza, ila hii kauli nimeisikia mpaka basi, kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa viongozi wenzangu waliovaa skafu kabla yangu, kwahiyo najibu hapa na atakayerudia namtumia linki.

Kambi ya wikiendi ni masaa arobaini na kitu. Ijumaa mchana mpaka Jumapili mchana. Toa safari, toa kupika, toa kulala, toa kutafuta kiatu cha mtu kilichopotea, ya kufundishia yanabaki labda kumi. Sasa mtoto aliyekesha anatetemeka, Jumamosi asubuhi unamfundisha nini? Dira iko mkononi, macho yamevimba, anawaza uji. Huyo hajakomaa. Alichojifunza ni kwamba porini kuna baridi na skauti ni watu wa ajabu, na mwakani haji.

Sisi tuko Korogwe na tunapenda kupanda Lushoto maana ni karibu, unafika Mombo halafu unakata ile barabara ya kona kona kilomita kama 33 umefika. Shida watoto wetu ni wa bondeni. Korogwe mtoto analala na shuka moja na hilo moja analipiga teke. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukielekea msitu wa Magamba unazidi kupanda, na mwezi wa saba usiku kule sio mchezo. Ukimwambia mzazi kuna baridi anaona unamtania, si mkoa huu huu wa Tanga? Ndio, Tanga hii hii.

Na hapa ndio penye jambo linalonikera kuliko yote. Mzazi akishakubali kwamba kuna baridi ananunua blanketi zito, moja, la kujifunika. Mtoto anajifunika gubigubi, chini katandika shuka juu ya turubai, saa nane usiku kaamka meno yanagongana na blanketi zito liko juu yake. Kiongozi anasema huyu legelege. Sio legelege, ardhi inamnyonya joto! Blanketi halina moto ndani yake, kinachokutunzia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, sasa ukililalia unaibana ile hewa inatoka, unabaki na kitambaa chembamba halafu udongo wenye unyevu, na udongo hautosheki, utachukua joto la mwili wako mpaka kunapambazuka. Ndio maana mtoto mwenye blanketi mbili nyepesi, moja chini ya mgongo wake na moja juu, anaweza kulala vizuri kuliko mwenye blanketi moja la bei mbaya. Na mwenye mbili ambaye zote kajifunika atakuja kukuamsha.

Dawa yake ni maboksi. Najua mtacheka. Yale ya dukani, ya sabuni, ya mafuta ya kula, unayachana pembeni yanalala bapa, unapanga tabaka mbili au tatu, viungo vipishane. Ukilichungulia boksi ubavuni utaona karatasi ya katikati imekunjwakunjwa kama mawimbi, kila wimbi lina hewa, na mtoto wa kilo 40 halibonyezi kirahisi. Chini turubai ili yasilowe, juu mkeka au kanga, kwisha. Duka wanakupa bure au kwa mia mia. Godoro la sponji la inchi mbili ni zuri zaidi lakini jaribu kupakia ya watoto ishirini na nne kwenye Coaster halafu uje uniambie. Majani makavu yanafaa pia, ila uyaweke mengi mno maana yakilaliwa yanakuwa kama hayapo, na uyapekue kwanza, humo kuna wenyeji.

Kingine: asilale na nguo alizoshinda nazo. Zina jasho, jasho ni maji. Soksi kavu, fulana kavu, ale kabla ya kulala, akojoe kabla ya kulala (mtoto anayebana mkojo mpaka asubuhi kwa kuogopa giza hajalala huyo, amesubiri tu). Halafu tenti msiifunge zipu yote. Watoto wanafunga kila tundu kwa kuogopa, pumzi zao zinagonga kitambaa zinageuka maji, asubuhi wanakuja "mwalimu tenti inavuja" na mvua haikunyesha. Acheni upenyo juu. Na jiko la mkaa ndani ya tenti HAPANA, hata kama makaa yameshakuwa mekundu hayatoi moshi, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala. Hili sibishani na mtu.

Sasa eneo. Nenda kaangalie mwenyewe kabla, mchana, usitegemee picha za WhatsApp. Lushoto kuna mikaratusi mingi na kivuli chake kinavutia, usiweke tenti chini yake, inadondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Angalia njia za siafu. Choo kiwe mbali na maji, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa chemchemi sio wa juu yake. Mwenyekiti wa kijiji ajue mpo, msitu wa hifadhi una taratibu zake kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, na msikate mti mbichi eti mnajifunza ujenzi wa porini, beba fito na mianzi yako. Kiongozi wa kike awepo kama kuna wasichana, na wazazi waandike kwa karatasi, sio kwa mdomo, nani ana pumu, nani ana kifafa, nani anatumia dawa gani.

Maji: weka lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia tu. Watu 28 siku mbili ni lita 280, yani madumu 14 ya lita 20, nani anayabeba na kutoka wapi? Hilo swali liulizwe Korogwe, lisisubiri mfike. Na tafadhali msiniambie maji ya mlimani ni masafi. Juu ya hiyo chemchemi kuna mtu anachunga ng'ombe. Chuja kwa kitambaa, chemsha yatokote kwelikweli, funika.

Ratiba. Viongozi wengi ratiba yao ni gwaride asubuhi, gwaride mchana, filimbi kila nusu saa na kuitana afande. Gwaride mnalo shuleni wiki nzima, umepanda mlima na kona zote zile kuja kugeuka kulia geuka kushoto? Gawa watoto vikosi vya sita mpaka nane, kila kikosi na kiongozi wake mtoto mwenzao, wao ndio wapange wanakula nini na nani anasonga ugali, wewe kaa pembeni. Ugali utaungua. Mwache auunguze, hapo sasa ndio anakomaa, maana kosa ni lake na suluhisho ni lake. Mtoto kupigwa baridi kwa sababu mtu mzima hakupanga, hapo anakomaa nini?

Mafundo, fundisha mawili basi, la kufunga kamba kwenye mti na la kufunga fito mbili zilizopishana, wayafunge mpaka gizani wanaweza. Huduma ya kwanza, nyoka: usichane, usinyonye, usifunge kamba kukata damu, achana na lile jiwe jeusi linalosemekana linanyonya sumu, mtulize, kiungo kisitikisike, hospitali. Ndio maana namba ya simu ya mwenye gari uwe nayo kabla hujaondoka.

Kutafuta uelekeo naomba muda kidogo, maana hapa ndio utaona jinsi watu wanavyofundisha bila kuangalia juu. Vitabu vingi vya skauti vilivyozagaa huku viliandikiwa watoto wa Uingereza. Sina ubaya navyo, kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ilikuwa huko, kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907, vijana kama ishirini, na kwa kule vipo sawa. Lakini unamkuta kiongozi Lushoto anawaambia watoto watafute Nyota ya Kaskazini. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho, haionekani usiku wowote mwaka mzima, hata ukipanda juu ya mkaratusi (usipande). Watoto wanaangalia juu, mmoja anaonyesha nyota yoyote inayong'aa, kiongozi anasema safi sana. Safi nini?

Tumia Msalaba wa Kusini, zile nyota nne zilizokaa kama msalaba. Mstari wake mrefu, uurefushe kuelekea mguuni mara nne na nusu hivi, hapo ndio ncha ya kusini ya anga, na kwa sababu kwetu hiyo ncha iko chini sana karibu na mlima, we teremka tu moja kwa moja mpaka ardhini hiyo ndio kusini. Mwezi wa tano jioni unakuwa umesimama vizuri, mwezi wa saba unakuwa umeshalalia magharibi kwahiyo usitafute msalaba uliosimama wima, utakosa. Na kama kilima kimekaa upande wa kusini umekula hasara, badilisha sehemu.

Ile ya saa ya mkononi na jua nayo iacheni. Kitabu kinakwambia mshale wa saa uelekee juani, gawa nusu na 12 unapata kusini. Kule Uingereza jua la mchana liko kusini siku zote. Kwetu linahama: toka mwanzoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi jua la saa sita mchana liko kaskazini yetu, baada ya hapo linahamia kusini, na kwenye hizo siku za kuhama linapita utosini kabisa, utaelekeza mshale wapi, chini? Kijiti kinatosha. Chomeka kijiti sehemu tambarare, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka kokoto ya pili. Ya kwanza ni magharibi, ya pili ni mashariki. Fanya kati ya saa tano na saa nane mchana inakuwa sahihi zaidi, asubuhi sana mstari unapinda. Hizo dakika 20 watoto wanagombania kokoto lakini wakishaona kivuli kimehama kweli, unasikia kimya, halafu mmoja anauliza kwahiyo dunia ndio inazunguka sasa hivi? Ndio mwanangu, sasa hivi. Ila hilo swali haliulizwi na mtoto aliyekesha.

Ramani tumia zile za 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, mtoto wa darasa la sita anapiga hiyo hesabu. Masuala ya kaskazini ya dira kutofautiana na ya ramani, kwa matembezi ya kilomita mbili na dira ya plastiki, mkono wa mtoto unavyotikisika ni kosa kubwa kuliko hiyo tofauti, ruka.

Sasa mambo ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo. Matembezi ya usiku: kila mtu anayapenda, watoto ndio hadithi watakayosimulia nyumbani, lakini sijawahi kuona wanachojifunza zaidi ya kushikana mashati, na kifundo cha mguu kikiteguka gizani wikiendi imeisha. Nayaweka kwenye ratiba, halafu naombea mvua. Simu: nikizikusanya wanatulia na wanaongea, ila najiuliza kama ni haki kumfundisha mtoto ramani ya karatasi tu wakati maisha yake yote atatembea na simu, pengine ningefundisha vyote viwili na muda sina. Na mtoto anayelilia nyumbani usiku wa kwanza. Kuna wanaosema mpigie mama yake dakika moja atatulia, kuna wanaosema ukimpigia ndio umemharibu. Nimeona yote yakifanya kazi na yote yakishindwa. Mimi namkalisha karibu na moto na kazi ya kumenya viazi, na hiyo nayo sio kanuni.

Na yule mzee nimpe haki yake kidogo, ugumu fulani unahitajika. Mvua ikinyesha wanachimba mtaro kuzunguka tenti na mikono inakufa ganzi, sipeleki mtu nyumbani. Mstari uko wapi hasa kati ya ugumu unaofundisha na unaoharibu, kwa mtoto huyu na kwa yule, hapo kila kambi nabahatisha.

Jumapili saa nne anzeni kuvunja kambi, sio saa sita, ile barabara ya kushuka Mombo sitaki dereva anayekimbizana na muda. Tenti mkizikunja mbichi mkifika Korogwe mzianike siku hiyo hiyo, msizirushe stoo mpaka likizo ijayo halafu mje kuniuliza mbona zina madoa meusi na zinanuka.