Je, wajua kwa nini miruko mitatu si kuruka chini mara tatu?

Rekodi ya dunia ya kuruka chini kwa wanaume ni mita 8.95. Aliiweka Mmarekani Mike Powell mjini Tokyo mwaka 1991. Izidishe kwa tatu, unapata mita 26.85. Rekodi ya miruko mitatu, ambayo Mwingereza Jonathan Edwards aliiweka kwenye Mashindano ya Dunia ya mwaka 1995 huko Gothenburg, Uswidi, ni mita 18.29. Hizo mita nane na nusu zimepotelea wapi?

Hesabu hiyo niliipiga nikiwa mwanafunzi, na jibu nililojipa lilikuwa jepesi: wanachoka. Kwa hiyo nikaona dawa ni kutoa kila kitu pale kwenye ubao wa kurukia, maana umbali ukishaupata kwenye mruko wa kwanza hakuna wa kukunyang'anya. Mashindano ya shule yalipofika nikafanya hivyohivyo. Nilipaa kweli, hadi leo nakumbuka kelele za wenzangu. Nikatua kwa mguu wa kulia, goti likanikunjikia kama kiti cha plastiki kilichokaliwa na mtu mzito, na mruko wa pili ukawa wa mtu anayevuka mtaro wa maji machafu. Wa tatu haukuwepo. Nilimalizia kwa viganja, kwenye udongo, mchanga nikiuona kwa mbele.

Baadaye mtu akanisahihisha: "Unatakiwa utunze nguvu." Nikaishi na maelezo hayo miaka mingi, nikawapa na wengine. Nayo hayako sawa. Kutoka ubaoni hadi mchangani mrukaji bora hutumia sekunde mbili na ushei tu, na hakuna mwanamichezo wa kiwango hicho anayechoka kwa muda huo. Ushauri wenyewe, wa kutopaa sana mwanzoni, ni mzuri. Sababu yake ndiyo ya uongo. Kinachoisha ni kasi, na ikishaisha haina pa kujazwa tena, kwa sababu katikati ya miruko hakuna mbio.

Kanuni kwa ufupi: unakimbia, unaruka kutoka ubaoni, unatua kwa mguu uleule uliorukia, kisha unatua kwa mguu wa pili, kisha mchangani. Kulia, kulia, kushoto, mchanga. Au kinyume chake.

Sasa fikiria bodaboda inakuja kasi kwenye barabara yenye matuta mawili, na dereva amezima injini kabla ya kulifikia la kwanza. Kasi aliyonayo ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho. Akipita matuta kwa chini, gurudumu likiyagusa na kuondoka, anapoteza kidogo kila mara na anafika mbali. Akilipiga la kwanza kwa namna ya kurushwa juu, abiria watashangilia, lakini atashuka kama gunia. Shokapu zitazama hadi mwisho, pikipiki itakaa chini kabla ya kuinuka, na muda wote huo inapunguza mwendo. Tuta la pili analifikia akiwa hana kitu.

Mguu wa mrukaji ndio shokapu hiyo. Anaondoka ubaoni akiwa na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Anapoondoka kwa mruko wa mwisho amebaki na kama 7. Kila anapotua, mguu mmoja unapaswa kuusimamisha mwili unaoanguka na kuurusha juu tena kwa muda usiofika hata robo ya sekunde, na vipimo vya maabara vimeonyesha mshindo unaozidi uzito wa mwili mara kumi. Ukipaa zaidi, unaanguka kwa nguvu zaidi. Goti linakunja zaidi, unyayo unakaa ardhini zaidi, na breki inashika zaidi. Ndiyo maana mabingwa hawasubiri ardhi iwafikie: unyayo huuvuta chini na nyuma kabla ya kugusa, kama anayekwangua tope, ili wakati wa kutua usiwe unasukuma mbele na kujifunga breki mwenyewe. (Mfano wa bodaboda unaishia hapa. Shokapu haisukumi, mguu unasukuma.)

Tazama alivyofanya Edwards Agosti 7, 1995. Mruko wake wa kwanza jioni ile ulikuwa mita 18.16, na hakuna mtu aliyewahi kupita mita 18 kwa upepo halali, yaani usiomsukuma mno mrukaji, kabla yake. Rekodi hiyo haikudumu hata nusu saa. Jaribio la pili, 18.29. Ukiugawa mruko huo: mita 6.05, kisha 5.22, kisha 7.02. Mrefu kuliko yote ni wa mwisho, yaani pale ambapo mimi nilikuwa nimelala kifudifudi. Brian Wellman wa Bermuda alipata medali ya fedha kwa 17.62, akiwa nyuma kwa sentimita 67. Rekodi imemaliza miaka 30 bila kuvunjwa.

Mruko wa kati mfupi si wa bahati mbaya. Mguu uliorukia ubaoni ndio unaotua na ndio unaoruka tena, hivyo unapigwa mara mbili mfululizo. Mmarekani Christian Taylor alitwaa dhahabu ya Olimpiki London 2012 akirukia mguu wa kushoto. Goti lilipomsumbua akahamia wa kulia, jambo linalokaribia kujifunza kuandika upya kwa mkono mwingine, na mwaka 2015 mjini Beijing akaruka 18.21 kwa mguu huo mpya.

Ila usidhani mgawanyo wa Edwards ni sheria. Wapo mabingwa walioweka umbali mkubwa kwenye mruko wa kwanza, na wapo waliogawa karibu sawasawa. Watafiti wa mwendo wa mwili hawajaonyesha kwamba njia moja inashinda nyingine kwa kila mtu. Mwenye mguu mgumu kama chuma anaweza kulipia kupaa ambako mwenzake hakuwezi.

Na kuna jambo moja ambalo sikuweza kuliacha. Bingwa wa kwanza wa Olimpiki za kisasa, mchezo wowote, alitoka kwenye miruko mitatu: Mmarekani James Connolly, Athens, Aprili 6, 1896, mita 13.71. Alirukia mguu wa kulia, akatua kwa wa kulia, akaruka, akatua tena kwa huohuo wa kulia, ndipo akaingia mchangani. Leo angeinuliwa bendera nyekundu, ya mruko batili.