Kwa nini tunakukatalia saruji: elimu kwa wenye nyumba na mafundi wa Mji Mkongwe

Tangu masika yakatike, watu wanaofika kaunta ya ofisi yetu, inayoshughulikia vibali vya ujenzi na ukarabati Mji Mkongwe, wanaleta malalamiko ya aina moja. Ukuta unatoa jasho. Rangi inavimba kisha inabanduka. Unga mweupe unadondoka chini ya ukuta, ukiufagia leo kesho upo tena. Wengi huja na kipande cha lipu mkononi kuwa ushahidi, na ombi lao ni lile lile: wapewe kibali cha kubandua lipu ya zamani na kupiga saruji, mambo yaishe. Ombi hilo tunalikataa, na tutaendelea kulikataa. Naeleza hapa sababu, kisha naeleza utaratibu wa kibali, maana nyingi kati ya safari za bure za kuja ofisini husababishwa na karatasi zisizokamilika.

Nianze na dhana ambayo ndiyo mzizi wa matatizo. Mwananchi anaiona lipu kama kanzu: ikichakaa unavua, unavaa nyingine, mwili ni ule ule. Sivyo. Lipu ya nyumba ya Mji Mkongwe ni ngozi. Ina kazi, na kazi hiyo ukiizuia mwili wote unaugua.

Ukuta wa nyumba hizi una unene wa nusu mita hivi, mara nyingine zaidi. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Chini hauna kizuizi cha maji kama kile kinachowekwa kwenye nyumba za siku hizi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na waliojenga walilijua hilo. Hawakujaribu kuyazuia. Waliyapa njia ya kutokea, na njia yenyewe ni uso wa ukuta: maji yanafika kwenye lipu ya chokaa, upepo unayachukua, ukuta unabaki na unyevu wa kiasi ambao hauudhuru.

Ili uone ukubwa wa kazi hiyo, fikiria kipande cha jiwe chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukikate vidadu vya milimita moja moja, unapata vidadu 1,000, na uso wao ukijumlishwa ni sentimita za mraba 60. Jiwe ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini uso umeongezeka mara kumi. Sasa jiwe la matumbawe ndani yake lina matundu na mifereji myembamba kuliko unywele, na kila kijitundu kina uso wake. Ukuta unaouona ukipita mitaa ya Gizenga au Shangani ni sehemu ndogo tu ya nyuso zilizomo ndani yake, na zote hizo zinashika maji na chumvi.

Na chumvi ndiyo mharibifu hasa. Sisi ni watu wa kisiwani. Chumvi imo ardhini, imo kwenye upepo, na imo kwenye mchanga wa pwani ambao mafundi wengine bado wanauchanganya ingawa tumewaonya mara nyingi. Chumvi ya kawaida ina tabia moja: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 inanyonya maji na kuyeyuka, ukishuka chini ya hapo inakauka na kuwa chembe ngumu. Hewa ya Unguja huvuka mstari huo mara kwa mara, usiku juu, mchana wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, chini. Kila chumvi inapokauka ndani ya kijitundu, chembe zake zinakua na kusukuma kuta za kijitundu mpaka zipasuke. Ule unga unaoufagia ni lipu iliyosagwa na chumvi.

Ikiwa lipu ni ya chokaa, chumvi inakauka ndani ya lipu au juu yake. Lipu inakufa taratibu, jiwe linasalimika, na baada ya miaka unaitengeneza lipu. Lipu ya saruji ni ngumu na imebana. Maji hayapati pa kutokea kwa urahisi, kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi inakaukia nyuma ya saruji, ndani ya jiwe na udongo. Kwa nje ukuta unaonekana mzima, huku nyuma ukigeuka unga. Siku saruji inapoanguka inaanguka bapa zima, na uso wa jiwe umegandana nayo.

Sijafika kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, nalo ni boriti. Sakafu za ghorofa zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na ncha za boriti zimezikwa ukutani. Ukuta ukipumua, ncha hizo zinakaa kavu, na boriti inaishi miaka mingi kuliko aliyeiweka. Ukuta ukizibwa kwa saruji, unyevu unapanda hadi kwenye ncha, zinaoza na kuliwa na wadudu, na hakuna anayeziona kwa sababu zimo ndani ya ukuta. Aliyepiga saruji chini dukani anaweza kuwa anaiozesha sakafu ya familia inayolala ghorofa ya pili. Hili nimelikuta kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Ndiyo maana swali la "ukuta ni wangu, inawahusu nini?" siwezi kulijibu kwa upole kila siku.

Tangu Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili kupoteza maisha, tunawasikia wenye nyumba wakisema wanapiga saruji ili nyumba ipate nguvu. Sababu za tukio lile si mada yangu hapa. Ila nguvu ya nyumba hailetwi na lipu. Kanuni ya kazi hii ni kwamba lipu iwe dhaifu kuliko ukuta unaoifunika. Ukuta wa mawe na chokaa hucheza kidogo, kwa joto, kwa mvua, kwa uzito. Chokaa inacheza nao. Saruji haichezi, inapasuka, na ufa wake unaingiza maji ya mvua ambayo hayatoki tena.

Kuhusu rangi, fanya jaribio hili leo. Chovya kidole kwenye maji, uguse ukuta. Kwenye chokaa, tone linatambaa na kufyonzwa mara moja. Kwenye rangi ya plastiki au ya mafuta, tone linajikusanya na kuteleza kama kwenye jani la yugwa. Uso unaokataa maji kuingia kwa mbele unakataa pia yasitoke kutoka nyuma. Hapo ndipo rangi inavimba. Na lile jasho la ukutani mara nyingi ni mvuke wa hewa ya chumbani uliogeuka maji juu ya rangi inayong'aa, kwa kuwa ukuta ni baridi kuliko hewa na maji hayana pa kufyonzwa. Mtu analipa rangi ya bei kubwa inayotangazwa kuwa inazuia unyevu, kisha inaufungia unyevu huo ndani ya nyumba yake. Kupaka chokaa ni rahisi zaidi kwa bei, kunaakisi mwanga na joto la jua, na ukali wake ikiwa mbichi hauachi ukungu wala vijidudu kustawi. Ukali huo huo unaunguza macho. Fundi avae miwani ya kazi, na ndoo isiachwe watoto wanapocheza.

Malalamiko ya kwamba chokaa "haishiki" yana ukweli ndani yake, lakini kosa si la chokaa. Jiwe la chokaa linachomwa hadi kiasi cha nyuzi 900, na kila kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56, nyingine zimetoka kama hewa ya ukaa. Ukizima kwa maji unapata kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Baada ya kupigwa ukutani, chokaa inairudisha ile hewa ya ukaa kutoka angani na kuwa jiwe tena. Inaanzia usoni na kuingia ndani polepole, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Kwa hiyo lipu ya chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, inafunikwa magunia mabichi, inanyunyiziwa maji na kukingwa na jua. Fundi anayepiga sentimita tatu kwa siku moja kwenye jua la saa sita kisha anasema chokaa haifai, hajaijua kazi. Wazee waliopiga sakafu za nyumba hizi waliziponda kwa vigongo siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, kwa sababu walijua kazi hii haikimbizwi.

Angalia pia unachonunua. Chokaa ya mfuko iliyokaa wazi dukani huwa imekwisha kufa. Weka kijiko kimoja kwenye sahani, dondoshea siki au ndimu; ikichemka povu jingi, imekwisha kurudi kuwa jiwe na haitashika kitu.

Lipo jambo jingine ambalo wahandisi wenzangu hulipita haraka, nami silipiti. Uso wa chokaa ndio karatasi ya kwanza ya sanaa ya pwani hii. Pale msikiti wa Kizimkazi Dimbani, maandishi ya kufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, kwenye kibla yamechongwa juu ya matumbawe na yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Tumbawe lililotoka baharini karibuni ni laini, linakatika kwa kisu, kisha linakuwa gumu likikaa hewani. Mchongaji alikuwa akifanya kazi na saa yake inahesabika. Zidaka za Lamu na Pate, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimeumbwa kwa lipu nyeupe laini iliyokamata mwanga mdogo wa ndani na kuugawa chumbani. Mji Mkongwe nao una nakshi za lipu juu ya milango na kwenye kingo za kuta, nyingine zimelala chini ya tabaka nyingi za chokaa. Nimesimama kwenye chumba ambacho mstari wa nakshi ulikuwa umekatwa na patasi ili saruji ishike vizuri. Nakshi ile hairudi. Bibi mwenye chumba aliniuliza, "Mwanangu, kwani ilikuwa kitu?" Ilikuwa kitu, bibi, na aibu ni yetu tuliokuwa hatujafika kukwambia.

Sasa kibali. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi ya ujenzi au ukarabati ndani yake inahitaji kibali kabla ya kuanza. Kupiga lipu na kupaka rangi upya ni kazi. Usisubiri kuvunja ukuta ndipo uje. Lete fomu iliyojazwa yote, pamoja na sehemu ya jina la fundi. Lete nakala ya hati ya umiliki au mkataba wa upangaji. Mpangaji wa nyumba ya wakfu au ya serikali alete barua ya ridhaa ya mwenye mali, si maneno ya mdomo kwamba "wameshakubali". Lete picha za ukuta mzima na za karibu, na kipande cha lipu kwenye mfuko mkavu kilichoandikwa kimetoka ukuta gani na urefu gani kutoka sakafuni. Nyumba ikiwa na wakaazi kadhaa, waarifu wa juu na wa chini yako. Mkaguzi atakuja, lazima awepo mtu wa kumfungulia, kwani ziara isiyofanikiwa inarudisha faili lako mwisho wa foleni. Kibali kina tarehe ya mwisho na kinataja vifaa vilivyoruhusiwa. Kubadili chokaa kuwa saruji katikati ya kazi ni sawa na kutokuwa na kibali.

Tukikuta kazi bila kibali, kwanza tunatoa ilani ya kusimamisha, inabandikwa mlangoni, na fundi naye anaarifiwa. Kuichana ilani ni kosa la pili. Kisha unaitwa ujieleze, na unaweza kuamriwa kubandua kilichopigwa na kurudisha kilichokuwepo kwa gharama yako. Asiyetii anapelekwa mahakamani, na faini au adhabu nyingine huko haipangwi na afisa wa kaunta. Naomba msimtafute afisa huyo jioni nyumbani kwake.

Waliokwisha kupiga saruji miaka iliyopita wasifiche, waje. Kuibandua nako kunataka kibali, kwani patasi ya pupa inaondoka na jiwe. Kwa kawaida tunaanza na mita moja au mbili za chini, upande unaopata upepo, tunaacha ukuta uvuje na kukauka kwa miezi kadhaa huku chumvi ikifagiliwa kwa burashi kavu na kutolewa nje ya nyumba. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani. Kipindi cha kusi, msimu wa upepo wa kusini, ndicho kinachofaa kuanza, mvua zimepungua na upepo ni mzuri. Anayetaka kupiga lipu mpya baada ya hapo aloweke chokaa yake sasa, kwenye pipa lenye mfuniko, maji yakiwa juu ya chokaa wakati wote.