Je, wajua kwa nini kijiti cha pamba hulidhuru sikio la mbwa na paka?

Pita mwalo wa Kibirizi, Kigoma, asubuhi dagaa wakianikwa, uwatazame paka. Humkosi mmoja anayeketi kila baada ya hatua chache, mguu wa nyuma juu, anajikuna mpaka manyoya ya nyuma ya sikio yamekwisha. Mtu mwenye huruma atamchukua nyumbani, atatafuta kijiti cha pamba, atakiingiza sikioni na kusugua. Baada ya siku mbili paka anaumwa zaidi. Kwa nini?

Jibu liko kwenye umbo la sikio. Njia ya sikio la binadamu ni fupi, takribani sentimita 2.5, na huenda karibu moja kwa moja hadi kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti. Ya mbwa na paka hushuka chini kwanza, kisha hukata kona kuingia kichwani. Kwa mbwa inaweza kufika sentimita 5 hadi 10. Kijiti hakikunji kona. Kinachofanya ni kushindilia nta na usaha pale chini pasipofikika, huku kikichubua ngozi njiani.

Tena, sikio lenye afya hujisafisha lenyewe. Ngozi yake ya ndani hukua ikisogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuja nje, ikibeba nta na vumbi. Ikivimba, mwendo huo huvurugika na uchafu hurundikana. Ndiyo maana sikio safi lisilo na harufu ni bora kuliacha. Kulisafisha kila mara bila sababu huliwasha ngozi tu.

Sasa, uchafu wenyewe husema mengi. Ukiwa mweusi na mkavu kama machicha ya kahawa, hasa kwa paka au watoto wa mbwa, mshuku utitiri wa sikio. Wadudu hawa huhama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine wanapogusana, na paka wa mwaloni hulala wamebanana. Uchafu wa kahawia wenye harufu ya kuvunda mara nyingi ni fangasi. Mbwa wanaoogelea na watoto Ziwa Tanganyika huupata kwa urahisi, kwa kuwa maji hutuama penye kona, na pale pana joto na giza. Usaha wa njano au kijani kwa kawaida ni bakteria. Na mbwa aliyetoka porini akaanza ghafla kukung'uta kichwa upande mmoja, huenda ameingiwa na kupe au mbegu ya nyasi. Hiyo hutolewa na daktari wa mifugo kwa koleo, si kwa kubahatisha.

Kama hakuna maumivu makali, unaweza kusafisha hivi. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, yaache yapoe hadi uvuguvugu. Ya baridi humtia mnyama kizunguzungu. Paka mfunge kwenye taulo, mbwa mfunge mdomo kwa kitambaa, maana hata mpole huuma akiumia. (Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.) Jaza maji sikioni, kanda shina la sikio chini ya tundu nusu dakika hadi usikie mchapochapo, kisha mwachie akung'ute kichwa. Mkung'uto wake ndio unaopandisha uchafu; wewe futa kwa pamba ule tu unaouona nje.

Mafuta ya taa, spiriti na dawa za kuogeshea ng'ombe zisiguse sikio. Dawa ya kupe yenye permetrini, hata ile ya mbwa, inaweza kumuua paka. Mawese nayo yatamzibia daktari asione kiwambo.

Na kiwambo ni lazima akione kabla ya kutia dawa ya matone. Kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa, gentamaisini ikiwemo, zinaweza kuharibu usikivu na uwezo wa kusimama sawasawa. Mnyama anayeinamisha kichwa upande, anayeyumba au anayelia ukimgusa asisafishwe nyumbani kabisa. Vivyo hivyo sikio lililovimba na kujaa damu kwa sababu ya kukung'uta: usilitoboe kwa sindano wala wembe.

Kwa utitiri, usiridhike kuwasha kukipungua. Yai huchukua takribani wiki 3 hadi kuwa mdudu mzima, na dawa nyingi haziyaui mayai, kwa hiyo matibabu hurudiwa kama daktari alivyopanga. Mbwa na paka wote wa nyumba watibiwe kwa pamoja, na paka wa jirani anayekuja kulala jikoni kwako naye ahesabiwe.