Uhakiki wa komiki ni nini, na una tofauti gani na kusifia au kuponda

Uhakiki wa komiki ni kumweleza mchoraji jinsi ukurasa wake ulivyosomeka: jicho lilianzia wapi, likaelekea wapi, likakwama wapi na kwa nini. Mengine yote, iwe pongezi, ushauri wa kalamu gani anunue au ubishi juu ya vidole sita, huja baada ya hapo. Wengi wakiombwa maoni hukimbilia kuhukumu mchoro, ilhali komiki kwanza inasomwa. Picha inaweza kuwa nzuri ya kutundika ukutani na bado ukurasa ukamshinda msomaji.

“Kali sana, mkuu” si uhakiki. “Bado sana, rudi shule” nayo si uhakiki. Kauli zote mbili zina upungufu uleule: mchoraji akirudi mezani hajui penseli aipeleke wapi. Uhakiki pia si uhariri. Mhariri ana mamlaka ya kurudisha kazi, kupunguza fremu (visanduku vya picha), hata kuizuia kazi isichapwe. Mhakiki hana mamlaka yoyote, ana macho na maelezo tu, na uamuzi unabaki kwa mwenye kazi.

Tuchukue ukurasa mmoja wa fremu nne tuone. Tuko ndani ya daladala. Konda anamdai mama mmoja nauli, mama anasema ameshalipa, kijana wa siti ya nyuma anacheka, mwisho konda anagundua kuwa noti ya mama iko katikati ya vidole vyake mwenyewe. Kichekesho kizuri, na mchoraji anajua kuchora nyuso. Shida inaanza kwenye fremu ya kwanza. Mama amekaa kushoto, konda amesimama kulia, na viputo vyao vya maneno viko usawa mmoja. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo msomaji anakutana na “Nimeshakupa!” kabla ya “Nauli, mama.” Jibu limetangulia swali. Msomaji atarudi nyuma, atapanga upya kichwani, ataelewa, lakini kicheko kimeshapoa.

Maoni mazuri kwa fremu hiyo ni mafupi: “Nilisoma jibu la mama kwanza, ikabidi nirudi.” Basi. Dawa anaijua mwenyewe, na ziko zaidi ya moja: kupandisha kiputo cha konda juu ya kile cha mama, kuwabadilisha nafasi, au kuigawa fremu ziwe mbili. Anayeandika na kuchora peke yake huwa haoni kosa la namna hii, kwa sababu yeye anajua nani anaanza kuongea. Ndiyo maana uhakiki lazima utoke kwa mtu ambaye hajasimuliwa hadithi. Ukitaka kumhakiki mtu vizuri, mkatalie kwanza anapoanza kukueleza “hapa huyu konda anakuwa amesahau kwamba...” Mwambie, kaka, ngoja nisome.

Kwenye fremu ya pili, bomba la kushikilia la daladala linaishia pale pale utosini kwa konda, kama limemwota. Mistari miwili ya vitu vilivyo mbali ikigusana hivyo, jicho huvisoma kuwa kitu kimoja na kina cha picha kinapotea. Bomba lipite wazi nyuma ya kichwa au lisogezwe pembeni kabisa. Fremu ya tatu ina tatizo kubwa zaidi: ghafla mama yuko kulia na konda kushoto. Mchoraji ametutoa upande mmoja wa gari na kutupeleka wa pili bila kutuaga. Watu wa filamu wana kanuni yao ya kufikiria mstari unaowaunganisha wahusika wawili na kubaki upande mmoja wa mstari huo, na kwenye komiki inafaa vilevile. Inaruhusiwa kuuvuka, ila msomaji aonyeshwe safari, kwa mfano kwa fremu moja inayoonyesha gari zima au uso mmoja tu ukitazama mbele.

Halafu fremu ya nne, ambayo hadithi nzima inaitegemea. Kiputo kikubwa cha “Aaah!” kimeufunika mkono wa konda. Noti yenyewe haionekani.

Sasa, kiwiko cha konda kweli kimepinda vibaya. Niliona tangu mwanzo. Lakini mhakiki akianza na kiwiko, mchoraji atashinda siku nzima anafuta na kuchora kiwiko, na ukurasa bado hautachekesha. Mpangilio wa maoni ni sehemu ya uhakiki: kinachozuia hadithi kueleweka kinatangulia, umbo la mwili na vivuli vinafuata, na urembo wa mistari ukae mwisho au uachwe kabisa.

Kuna swali moja ambalo watu hubishana nalo sana: je, asiyejua kuchora anaweza kuhakiki? Anaweza, na mfano mkubwa uko Japani. Kazuhiko Torishima alipoajiriwa na kampuni ya Shueisha hakuwa mpenzi wa komiki wala mchoraji. Alijifunza kwa kusoma nyingi na kulinganisha zipi zinateleza na zipi zinachosha jicho, halafu akachunguza kwa nini. Ndiye aliyekuwa mhariri wa mchoraji Akira Toriyama tangu mwanzo, na Toriyama mwenyewe aliwahi kusimulia kuwa kurasa zake zipatazo 500 zilikataliwa kabla hajaanza mfululizo wake wa kwanza mwaka 1980. Torishima alikuwa mhariri mwenye rungu, si mhakiki wa kirafiki, lakini kipimo chake ndicho ninachokisema: inasomeka au haisomeki.

Japani wana desturi nyingine inayofaa kuigwa. Kabla ya kuchora ukurasa wenyewe, msanii hutengeneza rasimu ya haraka, fremu zikiwa visanduku, watu wakiwa vijiti na vichwa, maneno yakiwa tayari mahali pake. Rasimu hiyo ndiyo inayojadiliwa na mhariri, wakati mwingine inarudiwa mara kadhaa. Fundi nguo naye hukujaribisha shati likiwa limeshikizwa kwa pini. Ukurasa wetu wa daladala, kama ungehakikiwa ukiwa rasimu ya dakika kumi, kupandisha kiputo kungekuwa kazi ya kufuta mara moja. Ukiwa umeshapigwa wino na rangi, mchoraji atatafuta kila sababu ya kuutetea, na nani atamlaumu? Kwa hiyo anayeomba maoni aseme kazi iko hatua gani. Na mhakiki akiletewa rasimu asianze kulalamikia nyuso zisizomalizika.

Jambo la saizi nalo husahaulika. Wengi huchora kwenye A3 na kuchapa A4, maana yake kila mstari unabaki na takriban asilimia 71 ya urefu na unene wake. Vivuli vya mistari myembamba vilivyopendeza mezani hubanana na kuwa doa jeusi, na herufi zilizosomeka vizuri zinakuwa sisimizi. Kwenye simu ni vibaya zaidi. Kama komiki itasomwa kwenye simu, ihakikiwe kwenye simu.

Kuhusu ukali, kisa kinachotajwa sana na wachoraji wa Marekani ni cha Alex Toth na Steve Rude. Katika miaka ya 1980 Rude, ambaye tayari alikuwa mchoraji mwenye jina, alimpelekea Toth kurasa zake za komiki ya Jonny Quest ili azitazame. Toth, aliyekuwa gwiji wa kusimulia mengi kwa mistari michache, alirudisha maoni makali mno, ya kuchoma. Maoni hayo yalikuja kusambaa na hadi leo wanafunzi wa komiki huyasoma. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaoyasoma huokota ule ukali. Yana thamani kwa sababu Toth alionyesha fremu kwa fremu ni nini hakifanyi kazi. Ukiondoa matusi yote, somo linabaki kamili. Ukiondoa somo, hakuna kinachobaki.

Kwetu kuna ugumu wa aina nyingine: unamhakikije aliyekuzidi umri, aliyekufundisha kushika kalamu? Wengi hunyamaza kwa heshima, kisha wanasema pembeni. Njia iliyo rahisi ni kuripoti usomaji wako badala ya kumsahihisha. “Mzee, hapa nilidhani huyu mama ndiye anayeanza kuongea. Ulikusudia hivyo?” Hapo hujamvunjia mtu heshima, umemwambia tu kilichokupata wewe msomaji, na hilo hawezi kulibishia.

Kwa upande wa anayepokea, kazi huanza kwenye namna ya kuuliza. “Mnaonaje?” italeta “safi” na “si mbaya.” Ukiuliza “Je, fremu ya nne unaona kwa nini konda kashtuka?” utapata jibu. Ukishaulizia, nyamaza uandike. Kuelezea hakusaidii, maana hutakuwa umekaa kando ya kila msomaji ukimwelezea. Watu watatu wakikwama kwenye fremu ileile, fremu hiyo ina tatizo hata kama kila mmoja anapendekeza dawa tofauti, na inawezekana dawa zote tatu ni mbovu. Amini pale walipokwama. Ushauri wao uupime kama ushauri mwingine wowote.

Si kila maoni yanastahili kufuatwa. Wahusika wa jarida la katuni la Sani kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili hawakuchorwa kwa vipimo vya kitabu cha daktari, na hakuna msomaji aliyelalamika. Ule ulikuwa mtindo. Mtindo ni kitu kinachojirudia kwa makusudi ukurasa hadi ukurasa. Kosa huonekana mara moja hapa, likapotea, likarudi kule kwa sura nyingine. Kama kichwa cha mhusika ni kikubwa siku zote, mwache. Kikiwa kikubwa fremu ya kwanza na kidogo fremu ya tatu, mwambie. Na mhakiki anayependa manga, yaani komiki za Kijapani, akikutaka uchore macho ya manga, huyo anaomba komiki nyingine. Mshukuru, endelea na yako.

Linabaki suala la muda. Ukurasa ulioshafika kwa mchapaji hauhakikiwi ili urekebishwe. Maoni yake yaandikwe kwenye daftari kwa ajili ya sura inayofuata, hasa kama konda na yule mama bado wana safari mbele.