Damu ya aina mbili ndani ya mtu mmoja: kazi ya Lucio Luzzatto, kutoka Ibadan hadi Muhimbili

Mgonjwa akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi siku mbili au tatu baada ya kumeza dawa, swali la kwanza ni hili: je, zinazotoka ni chembe nyekundu zikiwa nzima, au chembe zimepasukia ndani ya mishipa na kinachotoka ni himoglobini tupu, yaani protini nyekundu iliyokuwa ndani ya chembe? Kijiti cha kupimia mkojo hakitenganishi mambo hayo, kwa kuwa huonyesha damu katika hali zote mbili, na hata pale misuli ilipoumia vibaya. Zungusha mkojo kwenye sentrifuji. Chembe nzima hutuama chini na maji ya juu yakabaki meupe. Himoglobini haitui: maji hubaki na rangi yake, na ukiyaweka chini ya hadubini huoni chembe, au unaona chache mno.

Magonjwa mawili yanayoleta mkojo wa namna hiyo ndiyo yaliyomshughulisha Lucio Luzzatto kwa zaidi ya nusu karne. Daktari huyu wa damu alizaliwa Genoa, Italia, mwaka 1936. Alifanya kazi Ibadan nchini Nigeria tangu 1964 hadi 1974, kisha Naples, London na New York, akarudi Italia, na katika uzee wake akaja kufundisha magonjwa ya damu katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Ugonjwa wa kwanza, upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, mtu huzaliwa nao. Wa pili, ambao madaktari huuita PNH (kifupi cha jina la Kiingereza linalomaanisha himoglobini kutoka kwenye mkojo usiku, kwa vipindi), humpata mtu akiwa tayari ameishi na damu nzima kwa miaka. Yote mawili aliyaendea kwa njia ileile: kutafuta chembe za aina mbili katika damu ya mtu mmoja na kuzilinganisha.

G6PD ni kimeng'enya kinachoikinga chembe nyekundu dhidi ya sumu za oksijeni. Chembe nyekundu haina kiini, kwa hiyo kimeng'enya ilichozaliwa nacho ndicho itakachoishi nacho kwa siku zake 120 hivi. Kikiwa dhaifu, maisha huendelea kama kawaida hadi siku inapoingia dawa au chakula kinachozalisha sumu nyingi kwa mkupuo. Jeni yake imo kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, basi ama ana upungufu ama hana. Mwanamke aliyerithi jeni dhaifu kwa mzazi mmoja huwa na mchanganyiko, kwa sababu kila seli yake huzima X moja: chembe zake nyingine zina kimeng'enya kamili, nyingine hazina.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa upungufu huu umeenea Afrika kwa sababu unapunguza makali ya malaria. Ugumu ulikuwa katika kulithibitisha. Ukimlinganisha mtoto mwenye upungufu na asiye nao, unalinganisha pia chakula chao, nyumba zao, mbu wao na kinga zao. Luzzatto na wenzake wa Ibadan walichukua damu ya watoto wa kike wenye mchanganyiko huo, waliokuwa wakiugua malaria ya kimelea cha falciparum, wakaitia rangi kwa namna inayoonyesha ni chembe ipi ina kimeng'enya na ipi haina, kisha wakahesabu vimelea katika kila kundi. Chembe zenye kimeng'enya kamili zilikuwa na vimelea mara 2 hadi 80 zaidi ya zile dhaifu. Homa ileile, mtoto yuleyule, damu ileile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1969, na mpangilio wake ungali somo zuri kwa yeyote anayefundisha utafiti.

Kinga hiyo ina gharama. Dawa za kuangaliwa ni primakwini, tafenokwini, dapsoni, bluu ya methilini na rasburikesi. Dawa ya malaria iliyochanganya kloproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni Afrika mwaka 2008, baada ya majaribio kuonyesha kwamba watoto wenye upungufu walipungukiwa damu vibaya. Luzzatto aliandika waziwazi kwamba hatari ya dapsoni ilijulikana tangu zamani, na tunakubaliana naye: hakuna sababu ya kurudia kosa ambalo tayari limo vitabuni. Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito (yaani 15 kwa mtu wa kilo 60), Shirika la Afya Duniani linairuhusu bila kupima G6PD kwanza. Dozi za siku 14 ni jambo jingine kabisa. Sindano ya artesuneti nayo huweza kufuatiwa na kupasuka kwa chembe, lakini huko huja wiki moja au zaidi baadaye, na hakutokani na G6PD.

Kosa la kipimo linaloonekana mara nyingi ni la muda. Chembe kuukuu ndizo zenye kimeng'enya kidogo zaidi, nazo ndizo hupasuka kwanza. Ukipima wakati mkojo bado mweusi, zilizobaki ni changa, na uboho unamwaga nyingine changa zaidi. Jibu linatoka "kawaida" kwa mtu mwenye upungufu. Mtibu, mwandikie kadi ya dawa za kuepuka, mrudishe baada ya miezi 3 hivi. Aliyeongezewa damu naye asubiri muda huohuo, la sivyo unapima kimeng'enya cha mchangiaji. Tena kipimo cha doa linalong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno hunasa upungufu ulio chini ya asilimia 30 hivi. Mwanamke mwenye nusu kwa nusu hupita akionekana mzima, ilhali nusu ya chembe zake zinaweza kupasuka.

Mwaka 1970, bado wakiwa Ibadan, kundi la Luzzatto liligeuza njia ileile kuuelekea PNH. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu hupasuliwa na komplementi, kundi la protini za kinga ambazo kazi yake ni kutoboa vijidudu. Walimpata mgonjwa wa kike mwenye aina mbili za G6PD, kila moja ikitambulika maabara. Kati ya chembe zake zenye afya, nyingine zilikuwa na aina hii na nyingine aina ile. Zile zilizopasuliwa na komplementi zote zilikuwa na aina moja tu. Maana yake ni kwamba zote zimetokana na seli shina moja iliyoharibika ndani ya uboho.

Jeni iliyoharibika, PIG-A, ilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1993. Nayo imo kwenye X, ndiyo maana pigo moja latosha. Bila jeni hiyo seli haitengenezi nanga ya mafuta inayoshikilia protini za CD55 na CD59 juu ya ngozi yake, na hizo ndizo ngao dhidi ya komplementi.

Lakini seli moja mbovu hushindaje uboho mzima? Luzzatto na Bruno Rotoli walipendekeza kuwa haishindi kwa nguvu zake: seli za kinga za T huzishambulia seli shina zenye nanga, na zisizo nayo hubaki. Mwaka 1999 ilionyeshwa kuwa hata watu wazima wa afya wana seli chache za aina hiyo, wastani wa 22 katika kila milioni ya granulosaiti (aina ya chembe nyeupe), wala hawaugui. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye uboho wake umekauka lazima achunguzwe PNH. Kipimo kifanyike kwa mashine ya kuhesabu seli kwa leza, na kiangalie granulosaiti na monosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe). Ukipima chembe nyekundu peke yake, tatizo huonekana dogo kuliko lilivyo, kwani mbovu zimekwisha kupasuka au zimechanganyika na damu ya kuongezewa. Kinachoua zaidi ni damu kuganda ndani ya mishipa, hasa ya ini. Tumbo likivimba na kuuma kwa mgonjwa wa PNH, usisubiri.

Ekulizumabu, dawa ya PNH iliyoidhinishwa 2007, huzuia C5, mojawapo ya protini za komplementi. Chanjo ya meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, itangulie angalau wiki 2, kwa sababu dawa inaondoa kinga dhidi ya bakteria huyo. Bei yake ni kubwa mno kwa hospitali nyingi za ukanda wetu. Baadhi ya wagonjwa hubaki na upungufu wa damu ingawa wanapata dozi kamili, na hapo haifai kuiongeza kabla ya kupima. LDH (kimeng'enya kinachomwagika chembe zinapopasuka) ikikaribia kawaida, retikulosaiti (chembe nyekundu changa) zikiwa juu na kipimo cha Coombs, kinachotafuta kilichobandikwa juu ya chembe, kikionyesha C3, protini nyingine ya komplementi, dawa inafanya kazi yake. Chembe zilizookolewa zimebandikwa C3 na sasa zinaliwa na wengu na ini. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 2009 na timu ya Kiitalia ambayo Luzzatto alikuwamo, na ushahidi ulitoka tena ndani ya mrija mmoja wa damu: chembe za PNH zilikuwa na C3, chembe zenye afya za mgonjwa yuleyule hazikuwa nayo.