Ngozi Nyeusi Haikatai Blasha

Jumamosi iliyopita nilikuwa Bombo, kaskazini mwa Kampala, nikimpamba bibi harusi, na kabla sijafungua kisanduku cha rangi za mashavu, shangazi yake akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo iache. Huyu mtoto ni mweusi, blasha kwake haionekani, na ikionekana atakuwa kama aliyepakwa majivu." Nilimwomba kwa heshima anipe dakika tano, naye akanipa. Lakini neno hilo nimelisikia Bombo, nimelisikia Kampala na Jinja, kwa mashangazi, kwa mama wakwe, na linaloniudhi zaidi ni kulisikia kwa wapambaji wenzangu, ambao kazi yao ni kujua. Sasa naliandikia jibu.

Shangazi yule hakukosea macho. Majivu aliyoyaona kwenye nyuso za watu ni ya kweli, ila hayatoki kwenye ngozi, yanatoka kikoponi. Blasha ya unga kwa sehemu kubwa si rangi: ni talki, maika au kaolini, yaani unga laini wa madini, na humo ndimo inamochanganywa rangi yenyewe. Mtengenezaji anapotaka waridi jepesi, hupunguza rangi na mara nyingi huongeza dioksidi ya titani, ambayo ni nyeupe sana na ina nguvu kubwa ya kufunika. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo hausumbui, kwa kuwa unakaribiana na ngozi, na jicho hubaki na wekundu peke yake. Upakwe kwenye shavu jeusi, jicho litaona weupe kwanza, na weupe mwembamba juu ya weusi ni kijivu. Mpakaji akidhani rangi haijashika, huongeza tabaka la pili na la tatu, na kila tabaka huleta kijivu zaidi. Kisha lawama anabebeshwa mwenye uso.

Kwa hiyo tafuta blasha yenye rangi nyingi na weupe kidogo. Damu ya mzee, rangi ya tofali, zambarau iliyoiva, waridi kolevu, chungwa kali: hizi ndizo rangi zinazowatisha wanunuzi zikiwa kikoponi, na ndizo hasa zinazotua kwenye shavu jeusi kana kwamba damu imepanda yenyewe. Wekundu wa baadhi ya hizo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo kwenye orodha ya viambato huandikwa kwa namba, CI 77491, na ni oksidi ya chuma hiyohiyo inayoupa wekundu udongo wa barabara zetu. Aliyewahi kutembea na soksi nyeupe wakati wa vumbi hahitaji kuambiwa jinsi wekundu huo unavyong'ang'ania.

Weupe wa titani nao una namba yake, CI 77891, lakini usitegemee namba hiyo pekee, kwa sababu rangi huruhusiwa kuorodheshwa mwishoni bila kufuata wingi wake. Kidole kinasema kweli zaidi. Ukiwa Kikuubo, eneo la maduka mjini Kampala, au duka lolote, gusa rangi ya kujaribia mara moja, ipitishe mara moja mgongoni mwa mkono, kisha toka nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya dukani. Ikiacha njia ya chaki, mrudishie muuzaji kikopo chake.

Wapo wanaokimbilia kahawia wakiamini ndiyo rangi ya watu weusi. Kahawia huchonga uso, na ina kazi yake hiyo. Haileti uhai shavuni.

Tunafundishwa pia kutazama mishipa ya ndani ya kifundo cha mkono ili kujua kama ngozi inaelekea manjano au wekundu. Nilifuata kanuni hiyo kwa miaka, na leo siiamini. Kwenye mikono mingi ninayoishika mishipa haionekani vizuri, na hata inapoonekana, uso mara nyingi una habari nyingine: paji limeungua jua, mashavu yamekuwa mekundu kwa krimu za kuchubua, taya limebaki na weusi wake. Siku hizi najaribu rangi mbili, shavu hili na shavu lile, na kumwomba mwenye uso asogee dirishani. Kanuni za kuchagua mahali pa kupaka kwa kufuata umbo la uso nazo sizishiki kwa nguvu.

Kupaka kwenyewe hakuna siri. Blasha ya krimu hutangulia poda, ya unga huifuata. Ukipaka krimu juu ya poda utapata mabaka. Kung'uta brashi, anzia juu ya mfupa wa shavu kuelekea panja, usisogelee pua kwa chini ya vidole viwili, na gandamiza badala ya kusugua. Jasho likija, likaushe kwa tishu kabla ya kufikiria poda nyingine.

Kinachosahauliwa ni mahali mtu atakapokaa. Flashi ya kamera hula rangi ya mashavu, na kitambaa cha hema humwaga rangi yake usoni: chini ya hema la manjano, blasha ya chungwa hupotea kabisa. Siku hizi nauliza rangi ya hema kabla sijauliza rangi ya gauni. Kule Bombo waliniambia ni manjano ya dhahabu, hivyo nikaweka krimu ya zambarau chini na damu ya mzee ya unga juu yake, nikamtoa bibi harusi mpaka mlangoni. Shangazi alimtazama shavu moja, kisha la pili, akaniuliza kama rangi ile itadumu mpaka jioni. Nikaongeza mguso mmoja juu ya mfupa, nikafunga kisanduku.